Jina la Baba Mkwe

Igawilo, Mbeya
6 Machi 1977

Mpendwa dada Yudith,

Shikamoo. Ugonile, umelala salama huko kwa Wahehe? Baridi ya Iringa imeshakuzoea au bado unalala na soksi? Sisi huku tu wazima wa miili. Baba na mama kule Tukuyu hawajambo, mama bado mgongo unamsumbua lakini ukimwambia apumzike anakujia juu. Mvua inatunyeshea mpaka nguo zinanuka ukungu. Gideoni yuko kazini reli, anakuja mwisho wa juma, anakusalimu shemeji yake.

Baada ya salamu, dada, nina neno. Ni juu ya mwanao, huyu niliyemzaa. Amefikisha miaka mitatu na hasemi kitu. Si kwamba anachelewa, hasemi. Hata mama hajaniita. Watoto wenzake waliozaliwa naye msimu mmoja wanatukana mpaka watu wazima, yeye kimya. Akitaka maji hanitazami, ananishika mkono ananivuta, anaupeleka mkono wangu kwenye kikombe, basi. Mimi simo, anataka mkono tu. Mchana kutwa anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Ukiuondoa analia mpaka anabadilika rangi. Ukimbeba kumbembeleza anajikaza, utadhani umembeba mtoto wa mtu asiyekujua.

Mama mkwe yeye ameshatoa hukumu. Anasema ni kimeo, kimeota kirefu kimemlalia ulimi, kikikatwa maneno yatatoka. Ameshaongea na bibi mmoja mkata vimeo. Mimi naogopa, dada. Mtoto wa jirani alikatwa mwaka jana, damu ikakataa kusimama, wakakimbizana naye hospitali usiku, alipona kwa huruma ya Mungu. Gideoni anasema mama yake amelea watoto wanane, mimi nimelea mmoja, nani anajua zaidi? Lakini amesema daktari akitamka kwamba shida si kimeo, atamzuia mama yake. Daktari atamke, si mimi. Wa zahanati hapa alimtazama mdomoni akasema atasema tu, wavulana huchelewa.

Wewe unafanya kazi na madaktari. Waulize. Fanya haraka, sina raha, nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Mdogo wako,
Sekela


Kihesa, Iringa
15 Machi 1977

Mpendwa mdogo wangu Sekela,

Marahaba. Nimeamka salama, na soksi navaa, cheka tu. Nashukuru kwa habari za nyumbani. Mwambie mama nitamtumia dawa ya kuchua, na aache kubeba ndoo.

Sasa sikiliza. Mtoto ASIGUSWE. Wembe usifike kooni kwa Ezekia. Nimeona watoto wa vimeo wodini kwangu mpaka nimechoka kuwaona, na sijaona hata mmoja aliyeanza kusema kwa sababu ya wembe. Mwambie shemeji nimesema mimi.

Ila najua neno langu halitoshi, kwa mama mkwe wako mimi ni msichana wa hospitali asiyejua hata kupika kande. Basi nimeongea na Daktari Joachim, mtu wa Songea, wa watoto, amerudi kutoka masomoni Ulaya mwaka jana. Alisikiliza barua yako yote. Akauliza kitu kimoja tu: je, anasikia? Nikasema sijui. Akasema mlete. Nikasema mdogo wangu ana mimba ya miezi saba na mumewe hataki asafiri. Akafikiri, akaniuliza kama nyumbani kwenu kuna redio kaseti.

Nikacheka! Nikamwambia shemeji yangu aliinunua Tunduma na anaipenda kuliko mkewe. Akasema vizuri sana. Fanya hivi. Weka kaseti unayoweza kurekodi juu yake. Subiri mtoto awe anacheza, amekupa mgongo. Mwiteni kwa jina lake, lile la kwenye kadi ya kliniki, kwa sauti ya kawaida, muache kidogo, mumwite tena. Kisha angusha kijiko. Kisha fikicha karatasi ya peremende taratibu nyuma yake. Baada ya kila kitu useme kwa sauti, kwenye hiyo kaseti, mtoto amefanya nini. Usipambe. Akigeuka sema amegeuka, asipogeuka sema hakugeuka. Pia muache tu akiwa peke yake kwa muda, daktari anataka kusikia sauti anazotoa mwenyewe.

Anasema kaseti haiwezi kuchukua nafasi ya macho, lakini itamwambia pa kuanzia. Anasema mambo haya yakionwa mapema mtoto hufundishika, na ukikawia unabaki kujuta. Mpe kondakta wa basi, nitashuka Ipogoro kuichukua mwenyewe.

Dada yako,
Yudith


Igawilo
27 Machi 1977

Dada Yudith,

Shikamoo. Natumaini barua hii na kaseti vitakukuta u mzima. Sisi tunaendelea. Tumbo limeshuka, miguu imevimba, napita mlangoni kwa ubavu.

Kazi imefanyika. Gideoni hatanisamehe, maana kaseti iliyokuwepo ilikuwa ya kwaya yao, na mimi nimerekodi juu ya besi zote. Sasa ukisikiliza utasikia kwaya inaimba vizuri, halafu ghafla kijiko kinaanguka. Amenuna tangu jana.

Aliyemwita ni Regina, mwalimu jirani yetu, yule wa kutoka Kilolo. Nilimwomba yeye kwa sababu unazozijua. Amemwita mara nyingi, sauti nzuri ya darasani, mpaka kuku wamegeuka. Mengine nimefanya mimi. Utanisikia nikisema amegeuka, hakugeuka, kama karani wa mahakama.

Wembe bado. Mama mkwe anasubiri, ila anasubiri kwa kununa. Kila nikimlisha mtoto anapita anasema, "Kimeo hicho kinakua."

Nijibu upesi. Nikisikia basi linapiga honi barabarani moyo unaruka.

Mdogo wako,
Sekela


Kihesa
9 Aprili 1977

Mpendwa Sekela,

Salamu nyingi, na Pasaka njema ya kesho. Mimi mzima. Kaseti niliipata, imefika salama, na kwaya ya shemeji ni nzuri, mpe pole.

Mdogo wangu, kaa chini kwanza.

Tuliisikiliza na daktari ofisini kwake. Tukarudisha, tukasikiliza tena. Mwalimu wako anaita, "Ezekia! Ezekia!" Wewe unasema hakugeuka. Anaita tena, hakugeuka. Kijiko kinaanguka, unasema amegeuka, amekikimbilia. Karatasi ya peremende, ambayo sisi hata kwenye kaseti hatukuisikia, unasema amegeuka. Halafu kile kipande cha mwisho, akiwa peke yake, anatoa sauti moja tu, ile ile, inapanda na kushuka na mfuniko ukizunguka. Daktari alifumba macho pale. Nilimwona.

Mtoto anasikia. Tena anasikia kuliko mimi. Si kiziwi, na mtu anayesikia karatasi na haitiki jina lake, daktari anasema shida yake haiko kooni. Ni jambo la akilini, amezaliwa nalo, hakuna aliyemfanyia. Ulaya wanaliita otizimu. Kwa Kiswahili nimetafuta neno nimekosa. Mtoto yupo na watu lakini watu hawamvuti. Vitu vinamvuta, sauti zinamvuta, watu hapana. Dawa hakuna. Kuna kumfundisha, kwa saburi, kila siku, na kuanza sasa.

Anasema hawezi kuapa kwa kaseti. Lakini jambo lililomsumbua zaidi ni hilo la jina. Mtoto wa miaka mitatu, anasema, jina lake ndilo neno la kwanza analolijua duniani.

Nimelia, Sekela. Nimelia chooni kazini kama mwanafunzi. Nilikuwa nimeshajipanga kusikia ni masikio tu.

Mwonyeshe shemeji barua hii. Daktari ametamka. Wembe basi.

Dada yako anayekupenda,
Yudith


Igawilo
18 Aprili 1977

Dada Yudith,

Shikamoo. Habari za tangu Pasaka? Sisi wazima, tena leo wazima kweli kweli.

Dada! Wewe ni Mnyakyusa au umeshakuwa Mhehe? Nimesoma barua yako nikalia mpaka mtoto wa tumboni akacheza, nikaenda kuosha uso, na nikiwa pale kwenye ndoo nikasimama. Nikaanza kucheka peke yangu. Mama mkwe akatoka nje kuona nimepatwa na nini.

Mtoto HALIJUI hilo jina! Hajawahi kuitwa! Ni jina la nani hilo? La baba mkwe wangu! Mimi nilitaje? Mzee akipita uani mimi naingia kwenye migomba mpaka apite, leo nimwite jina lake nikimwosha mwanangu matako? Mama mkwe naye halitaji, ni la mumewe. Gideoni halitaji, ni la baba yake. Sisi sote hapa tunamwita Tata, yaani baba. "Tata njoo ule, Tata acha mfuniko." Hilo jina la kwenye kadi lilitamkwa mara moja tu, na mchungaji, siku ya ubatizo, na siku hiyo mtoto alikuwa amelala.

Umeniandikia "lile la kwenye kadi ya kliniki", nami nikafuata, nikajua daktari ana sababu zake. Ndiyo maana nikamwita Regina, mzee akiwa shambani. Nilikuambia ni kwa sababu unazozijua! Kumbe hukumbuki. Basi mmekaa na daktari wako wa Ulaya, mkamwita mtoto kwa jina la mzee mwingine, asipoitika mkampa ugonjwa usio na Kiswahili. Hata mimi ukiniita Yudith sigeuki.

Usikasirike. Lakini wewe hujaolewa, dada, mambo haya huyajui mpaka uyabebe.

Ila sasa kuna jambo. Gideoni amefurahi mno. Amesema kama ni hivyo neno la daktari limeanguka lote. Mama mkwe naye akapiga makofi akasema, "Si niliwaambia? Mtoto ana akili zake timamu, ulimi tu umefungwa." Wameitana, wamekubaliana. Bibi wa vimeo anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Mimi sasa sijui nishike wapi. Kama hana ule ugonjwa nafurahi. Kama hana, wembe unakuja. Nitakataaje, na mlango wa kukatalia nimeufunga mwenyewe kwa kicheko changu?

Mdogo wako,
Sekela


Kihesa
22 Aprili 1977

Sekela,

Salamu. Sina nafasi ya mengi, basi linaondoka.

Umenichoma hapo kwenye kuolewa. Nimelisoma mara mbili, nimeliweka pembeni, tutalizungumza siku nyingine. Lakini ni kweli, nilisahau. Nimezaliwa katika nyumba ambayo mama alikuwa akijificha babu akipita, na bado nimesahau. Nilipomweleza Daktari Joachim alijishika kichwa. Akasema, "Dada Yudith, mimi ni mgeni, wewe je?"

Anasema hivi, na uyafuate bila kuongeza wala kupunguza. Rudieni. Mwiteni kwa jina analolijua. Tata. Uite wewe, aite baba yake, aite bibi yake, kila mtu kwa namna yake ya kila siku, mtoto akiwa amewapa mgongo. Rekodini. Akigeuka, mimi nitakuja Igawilo kumwomba mama mkwe wako radhi kwa magoti, na kimeo tutakijadili. Asipogeuka, wembe urudi ulikotoka.

Mbane Gideoni akubali masharti haya kabla ya kuanza, si baada. Mwambie ni mwanamume, ashike neno.

Kabla ya Jumamosi, Sekela. Kabla.

Dada yako,
Yudith


Kihesa
8 Mei 1977

Sekela mdogo wangu,

U mzima? Mtoto mzima? Ni barua ya pili hii naandika, ile ya juzi sijui kama imefika. Jumamosi ile imepita, na wiki nyingine juu yake, na mimi sina hata mstari mmoja wako. Nimeshuka Ipogoro kila nikitoka zamu. Kondakta akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Kazini nimempa mgonjwa dawa ya mwenzake, bahati nzuri ilikuwa ya minyoo. Matroni amenifokea mbele ya watu. Nimeomba ruhusa ya kuja, amenikatalia, tuko wachache.

Kama wamemkata, niambie. Kama ametoka damu, niambie. Hata kama ni baya kuliko hilo, niandikie, au mwambie Regina aniandikie. Kama umenikasirikia, andika kwamba umenikasirikia.

Yudith, dada yako


Igawilo
11 Mei 1977

Mpendwa dada Yudith,

Shikamoo. Pole kwa mahangaiko. Mtoto mzima, hajaguswa. Naanza na hilo ili upumue.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikukasirikia, na nilikukasirikia kwa sababu ulisema kweli. Kalamu nikiishika naiona sura yako, naiweka chini. Leo nimejilazimisha.

Barua yako ilifika Ijumaa jioni, mvua ilikuwa imekata barabara. Jumamosi asubuhi bibi wa vimeo akaja, akapewa kigoda uani, akanywa chai, na kifurushi chake mapajani. Nikamwambia Gideoni masharti. Akasema haya, mama yangu asije akasema tulimwonea. Akaleta redio kaseti mwenyewe. Mtoto alikuwa jikoni na mfuniko wake, ametupa mgongo.

Nikaita mimi kwanza. "Tata." Dada, nilimwita kama ninavyomwita kila siku uji ukiiva. Hakugeuka. Gideoni akaita. Hakugeuka. Mama mkwe akacheka, akasema mnamwita vibaya, mtoto haitwi hivyo, akajipanga, akamwita kwa ile sauti yake ya kuitia kuku na wajukuu. Hakugeuka. Akaita tena. Akaacha kucheka. Akaita mara nyingine, na safari hii sauti yake ilikuwa inamwomba.

Mimi pale nikapotewa na akili. Nikasema labda ni jina, labda alilisikia siku ya ubatizo usingizini, labda alilipenda la Regina, nitajuaje? Nikafungua mdomo nikapiga kelele, "Ezekia! Ezekia, nitazame mimi!" Naliandika, maana nimeshalisema. Mama mkwe akaziba mdomo kwa mikono miwili. Gideoni akasema, "Sekela!"

Mtoto hakugeuka. Mfuniko unazunguka.

Na nyuma ya ukuta, bandani kwa ng'ombe, sauti ikasema, "Naam!"

Alikuwa mzee. Aliitika, dada. Katika wote niliowaita asubuhi ile, aliyeniitika ni mtu nisiyeruhusiwa kumwita.

Nikajifunika kanga kichwani nikageukia ukutani. Nikasikia viatu vyake vya mpira vinakuja, vikasimama mlangoni, havikuingia. Akauliza, "Nani ameniita?" Mama mkwe akamjibu hujaitwa wewe, ameitwa mtoto. Mzee akauliza, "Na mtoto amesema nini?" Gideoni akatoka nje, nikamsikia anaeleza, mambo ya kijiko, karatasi, daktari wa Iringa. Akarudi, akabonyeza kitufe cha redio kaseti kuizima. Kitufe kile kinalia kidogo sana, tak. Mtoto akageuka pale pale. Akautazama mkono wa baba yake, si uso, mkono, mpaka ulipoondoka kwenye kitufe.

Mzee alikuwa anaona kutoka mlangoni. Akamwita mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, somo yake. Taratibu. Hakugeuka. Nilisikia mzee anavuta pumzi.

Kisha akamwambia mama mkwe, "Huyu hageuki akiitwa na mama yake, na wewe unataka kumkata koo ili iweje?" Mama mkwe akasema habari ya kimeo ni nyingine, na kwanza huyu mwanamke ametaja jina lako, itabidi tuchinje, tutakase nyumba. Mzee akasema, "Ameniita akiwa na shida, nimeitika, yamekwisha." Akatoka uani. Nilimsikia anamuaga yule bibi, anamwomba radhi kwa usumbufu, anamwambia hatarudi kuitwa kwa kazi hiyo.

Mama mkwe hakusema nami siku mbili. Ya tatu alikuja jikoni, akakaa sakafuni karibu na mtoto, akauzungusha mfuniko naye. Mtoto akamwacha. Sasa hukaa hapo kila siku, anaimba wimbo wa kanisani taratibu, hamwiti.

Mimi, dada, nimelia mpaka nimechoka, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Usiniambie ni mapenzi ya Mungu, nitakuja kuambiwa hivyo kanisani, wewe usiniambie. Na yale niliyokuandikia kuhusu kuolewa, nisamehe. Niliyasema nikiwa na furaha, ndiyo mabaya zaidi.

Gideoni amekubali. Tunakuja Jumatatu tarehe 16, mimi, yeye, mtoto na tumbo langu. Kaseti ya pili tunaibeba wenyewe, ila mwambie Daktari Joachim sasa ataona kwa macho. Tafuta kitanda cha chini, kile chako cha juu sikiwezi tena. Mtoto hali kitu chekundu, wala yai, na chumbani pasiwe na saa ya kugonga.

Ukitupokea Ipogoro najua utataka kumkimbilia, unavyokuwa. Usikimbie. Usimshike. Chuchumaa chini mbele yake, ukae hapo hapo, umpe muda. Mimi nimekuwa nikifanya hivyo tangu juma lililopita, na jana, muda mfupi sana, alinitazama.

Mdogo wako,
Sekela